Dua ya Shemeji Yangu Marhoon

Shemeji yangu Marhoon bin Ghanim aliteremka Maskati mwezi wa Juni, mwaka 1967, amevaa koti la sufu. Anayeijua Juni ya Maskati hahitaji maelezo, na asiyeijua atadhani natia chumvi. Vitasa vya milango tulivishika kwa kitambaa, na paka wa mtaani walivuka njia kwa kukimbia kutoka kivuli hadi kivuli. Naye Marhoon akatoka forodhani na koti lake, vifungo vyote vimefungwa, jasho linamchuruzika mpaka kwenye viatu. Dada yangu Shaikha, ambaye ndiye mkewe, akamwambia alivue kabla hajaanguka. Akajibu taratibu, "Niache kidogo, Shaikha. Nnapata joto."

Walikuwa hawajaonana tangu kabla ya mapinduzi ya Unguja. Mapinduzi yalipotokea, Marhoon alikuwa mbali baharini akipiga pasi mashati ya Wazungu, na sisi tulikuwa nyumbani tukisubiri wali uive. Tulifika Maskati na cherehani, birika la chai na mimi, Mahfoudha, mjane mwenye ulimi. Jamaa zetu walitupokea kwa wema, wakatupa vyumba viwili ndani ya ukuta wa mji na jina jipya. Kule Unguja tulikuwa Waarabu, huku tukawa Wazinjibari. Binadamu hakosi jina, almuradi asikae kwao.

Sasa, kazi ya Marhoon. Alikuwa dobi katika meli ya matembezi. Siku ya kwanza nilimuuliza hiyo meli huenda wapi, akanieleza kuwa haiendi popote. Inatoka Uingereza, inazunguka, inarudi palepale.

"Na watu wanalipa?" niliuliza.

"Wanalipa sana, shemeji."

Mimi niliyevushwa bahari nzima bila kupenda nikaona kweli Mungu ana waja wa kila namna.

Alipokwisha kulivua lile koti, akaoga, akala, alitukalisha mkekani akatusimulia jambo lililomkuta Ramadhani iliyopita. Meli yao ilikwenda Norwe, juu kabisa, ambako majira ya baridi jua halichomozi. Hapo madobi Waislamu wakaingia katika mushkili. Mmoja wa Chittagong alisema kama hakuna alfajiri basi hakuna kufunga. Mwingine wa Aden akasema kama hakuna magharibi basi hakuna kufuturu, na huyo walimnyamazisha upesi. Mwishowe wakafuata saa ya mkononi ya Marhoon, ambayo hakuibadilisha tangu alipoondoka Unguja. Kwa hiyo kundi zima la madobi, katikati ya barafu, lilikuwa likila daku kwa saa ya Darajani.

Ikafika usiku wa mwezi ishirini na saba. Marhoon alikuwa chini, katika chumba cha pasi, na chumba hicho kilikuwa tanuri. Akapanda sitaha ya wafanyakazi, nyuma ya meli, na fulana yake tu, avute pumzi. Akainua macho, akaona mbingu imefunguka.

"Kijani, shemeji," aliniambia, na mikono yake ikaanza kuchora hewani. "Kijani cha bendera za maulidi. Inashuka kama pazia, inajikunja, inajikunjua, na chini yake ina zambarau. Na haina sauti. Kitu kikubwa namna ile, na hakina hata sauti!"

Akatazama sitaha ya juu, kwa wenye pesa zao. Wazungu wote walikuwa wamesimama kimya, nyuso juu, na bibi kizee mmoja alikuwa analia. Marhoon akasema moyoni, Subhanallah, hata hawa leo wameongozwa.

Kila mtoto aliyelelewa Unguja anajua hapo kilichomjia. Tulifundishwa kwamba katika Lailatul Qadri mbingu hufunguka, na atakayejaaliwa kuiona akaomba neno moja, hupewa. Mama zetu walituhimiza tuiweke dua mdomoni tayari, kama mtu anavyoshika nauli mkononi, maana mbingu haingoji mtu apekue mifuko. Na atakayeiona haelezi alichoomba. Hiyo ni siri yake na Mola wake.

"Ukaomba nini?" niliuliza. Shaikha akanifinya paja.

Marhoon alitazama mkeka. "Nimeomba," alisema. "Dua imetoka."

Shaikha hakuuliza, kwa sababu hakuwa na haja ya kuuliza. Walioana zamani, wakakaa, wakangoja, na mtoto hakuja. Kila Ramadhani walikuwa wakiagana, atakayeiona mbingu kati yetu aombe mtoto. Hata katika barua walikumbushana. Basi siku ileile dada yangu aliitia mafuta cherehani, akatoa kipande cha hariri alichokificha tangu Unguja, akakata kigauni kisichozidi kiganja changu na nusu. Alikuwa anakaribia arobaini, na nilimwona usoni amerudi kuwa msichana. Sikuthubutu kufanya mzaha, na mimi si mtu wa kukosa kuthubutu.

Khabari zikaenea. Maskati ya siku zile haikuwa na khabari zake yenyewe, kwa hiyo za watu zilitumika vizuri. Wanawake walikuja na halwa. Mtu mmoja alikuja kutoka Hail na pakacha la tende, akamtaka Marhoon amwombee punda wake. Jirani yetu mzee Sleyum, ambaye tangu siku ya kwanza hakutupenda, alisikiliza kisa chote mpaka mwisho, akasema, "Hawa Wazinjibari hawa! Hata Lailatul Qadri wanaionea kwa Wazungu."

Marhoon akapata kazi kwa dobi mmoja karibu na lango kubwa la mji. Kule melini alipiga pasi za umeme, na huku akakabidhiwa pasi ya makaa. Kutwa alisimama juu ya moto akinyoosha dishdasha, kanzu za wakubwa, na nje Maskati nayo ilikuwa ikinyoosha watu. Jioni akichelewa, mzinga ukalia ngomeni na ngoma ikapigwa, malango yalifungwa, na atakayeonekana njiani sharti awe na fanusi. Tochi haikukubaliwa, ilitakiwa fanusi hasa, uiinue askari akuone uso. Askari wenyewe walikuwa na maneno. "Huyu ndiye aliyewashiwa mbingu nzima," walisema, "leo anatafuta mlango wake kwa utambi." Marhoon alicheka kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu msikitini.

Mwisho wa mwaka ule, huko kijijini Ansab, alifariki binamu yetu Hind, akaacha mtoto wa kike ambaye hata kuachishwa ziwa hajaachishwa. Jina lake Kheiria. Bibi yake mtoto, Bi Nasriya, aliyerudi kutoka Pemba zamani akiwa kijana, alipanda punda na mjukuu mapajani, akaja mpaka kwetu. Kwetu sisi mtoto si wa mtu mmoja. Nduguyo hana, wewe unaye usiyeweza kumlea, unampelekea, na hakuna anayesema asante, maana hakuna aliyepewa kitu. Amelelewa tu.

"Shaikha, mwanangu," alisema Bi Nasriya, "mchukue. Mie mzee, na huyu ana mbio."

Na kweli, tulipokuwa bado tunasalimiana, mtoto alishatambaa mpaka kwenye cherehani akaishika pedali kwa mikono miwili. Shaikha alimtazama. Nilimwona mikono inamwinuka yenyewe kutoka mapajani, kisha akairudisha.

"Bi Nasriya, ningemchukua kwa mikono miwili," alisema. "Lakini wangu yuko njiani. Nikimchukua wa mwenzangu leo, itakuwa kama nimeikataa dua."

"Dada," nikasema, "aliye njiani si aliye mlangoni."

"Subira yavuta kheri, Mahfoudha."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Akanikata jicho. Nikamgeukia Marhoon, nikidhani yeye kama mwenye nyumba atasema lake.  Uso ulimgeuka rangi ya jivu, na mimi nikadhani ni joto. Bi Nasriya hakubishana. Alimnyanyua mtoto kutoka kwenye cherehani, na Kheiria akalia njia nzima mpaka langoni, tukimsikia.

Mwaka 1968 ukaja na haukuleta kitu. Shaikha akashona gauni jingine, kubwa kidogo kuliko la kwanza. Mwaka 1969 akashona jingine, kubwa zaidi, kana kwamba mtoto anakua hukohuko njiani. Nilimuuliza siku moja kwa nini asishone saizi ileile ya mtoto mchanga. Akanijibu kwamba lile la kwanza lipo tayari, haya mengine ni ya baadaye. Jibu hilo lilikuwa na akili zake, na lilinichoma moyo. Nilipanga nguo zile sandukuni kwa mikono yangu.

Mwaka 1970 sultani mpya akashika nchi, mambo yakageuka. Malango ya mji yakaachwa wazi, fanusi zikatundikwa ukutani, na Wazinjibari waliotawanyika duniani wakaitwa warudi. Walewale waliotuita Wazinjibari kwa kubenua mdomo wakaanza kutuuliza kama tuna jamaa waliosoma. Tulikuwa nao. Mpwa wangu wa kujiita, Amur, mtoto wa kaka yake Marhoon, alikuja kutoka London alikosomea mambo ya umeme, akapewa kazi ya serikali na gari la Landrova kabla hajafungua begi.

Alitutembelea mwezi wa Agosti, baada ya alasiri. Kijana wa adabu, alikuja na zawadi. Dada alipata kitambaa, mimi nikapata marashi, na ami yake akaletewa kalenda ya picha za rangi.

"Ami, nimekumbuka kazi yako," alisema, akafunua karatasi. "Meli yako si ilikuwa kama hii?"

Ilikuwa meli nyeupe katikati ya milima ya theluji. Na juu yake mbingu ilikuwa kijani, imejikunja kama pazia, na chini yake ina zambarau.

Marhoon alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Kikabaki hewani.

"Picha hii kapiga nani?" aliuliza.

"Mtu tu, ami. Mpiga picha. Hizi ni taa za kaskazini, huonekana kule majira yote ya baridi."

"Mwezi wa Ramadhani?"

"Ramadhani na isiyokuwa Ramadhani. Ni mambo ya jua na sumaku ya ardhi. Watu wanapanda meli makusudi kwenda kuziona, na zisipotokea wanamnung'unikia nahodha."

Hatukuwa tumemwambia Amur kisa chetu, alikuwa hajafika hata wiki. Masikini alikuwa anatabasamu. Nilitaka kuichukua kalenda ile nimpige nayo, ingawa hakuwa na kosa lolote. Sikuthubutu kumtazama dada yangu. Nilitazama sanduku la nguo.

"Kwa hiyo haikuwa Lailatul Qadri," alisema Marhoon.

"Ya Mungu siyajui, ami. Lakini hizi ni taa za kaskazini."

Marhoon akaweka kikombe chini. "Alhamdulillahi!" alisema kwa sauti ambayo hatujapata kuisikia kwake, akajifuta uso kwa viganja viwili, kisha akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Nikajua makaa yamempanda kichwani.

"Shaikha," alisema, "kumbe sikuipoteza. Miaka yote hii nlikuwa najua nimeipoteza."

"Umepoteza nini?" aliuliza Shaikha.

"Dua. Nlikuwa nayo mdomoni, wallahi, kama tulivyoagana. Mtoto. Nlikuwa na fulana tu, jasho la chumba cha pasi limegandia mgongoni. Nikainua mikono, nikafungua mdomo, meno yakagongana, ulimi haukunifuata. Kilichotoka ni, 'Ya Rabbi, niondolee baridi hii.' Basi. Nikataka kuomba tena, mbingu ikafunga. Mtu nimefunguliwa mbingu nzima nikaomba kama paka wa jikoni." Akamgeukia mkewe. "Ulipoanza kushona nlitaka kukwambia. Alipoletwa yule mtoto wa Ansab nlitaka kukwambia. Nlishindwa."

 Amur alikuwa amegundua jambo muhimu darini na analitazama. Shaikha alikuwa na kipepeo mkononi, anajipepea polepole, na kilichokuwa kinamfikia ni hewa ya moto.

"Baridi," alisema.

"Ndiyo, Shaikha."

"Uliomba uondolewe baridi."

"Ndiyo."

Dada yangu alimtazama mumewe kuanzia juu. Aliitazama kanzu iliyolowa mgongo mzima na mikono yenye makovu ya pasi. Akatazama ukuta wetu, ambao jua la Agosti lilikuwa limeuchoma tangu asubuhi mpaka huwezi kuuegemea.

"Basi usiwe na wasiwasi, Marhoon," alisema. "Dua yako ilikubaliwa."

Nilicheka mpaka nikaanguka upande. Nilicheka peke yangu kwanza, kisha Shaikha naye akacheka, na kicheko chake kikageuka kikawa kilio, nami nikainuka nikamshika. Namjua dada yangu. Hakuwa analia kwa ajili ya yule ambaye hakuja. Alikuwa anamlilia yule aliyekuja mpaka kwenye cherehani, akarudishwa.

Alipokwisha kulia alijifuta, akachukua buibui lake.

"Amur, gari lako lina mafuta?"

"Linayo, Bi Shaikha."

"Tupeleke Ansab."

Kabla ya mwaka ule safari ile ingetaka punda, ruhusa na siku nzima. Tulikwenda kwa Landrova, tukirushwa kama mahindi kikaangoni, Amur anaomba radhi kwa kila shimo kana kwamba amelichimba yeye. Marhoon alikaa nyuma na furushi la magauni mapajani. Hakuna aliyemwambia alichukue. Mpaka tulipoiona mitende ya Ansab, mimi nilikuwa nahesabu moyoni majibu ambayo Bi Nasriya alikuwa na haki ya kutupa.

Tulimkuta anasafisha vyungu penye mfereji wa falaji. Upepo uliotoka bondeni ulikuwa wa moto. Alitutazama, akatazama furushi, akaendelea kusugua.

"Mmekuja kwa khabari gani?"

"Nimekuja kumchukua," alisema Shaikha. "Kama bado wanipa."

"Nilikuletea angali hajui kusema," alisema Bi Nasriya. "Ungechukua tu. Sasa anajua kusema, na anasema mengi. Kamuulize mwenyewe."

Kheiria alikuwa nyuma ya nyumba anamfunga kamba mwanambuzi, na mwanambuzi hataki. Alikuwa anakaribia miaka minne, mguu mmoja una kiatu. Alitukagua mmoja mmoja, mimi akanipita upesi, akasimama kwa Marhoon. Kisa cha shemeji yangu kilishafika Ansab zamani. Kilisimuliwa kule kila Ramadhani, na kwa kadiri ninavyoijua Ansab, mbingu yenyewe ilikuwa imeongezwa rangi.

"Wewe ndiye uliyeona mbingu imefunguka?" aliuliza mtoto.

Marhoon alimtupia jicho Amur. Amur, bwana wa jua na sumaku, aligeuka akaenda kukagua gurudumu la gari.

"Mie ndiye," alisema Marhoon.

"Ukaomba nini?"

Shemeji yangu hajui kudanganya. Kunyamaza ndio uongo wake pekee, na huo alishautumia miaka mitatu mpaka ukaisha. Alichutama mchangani akawa sawa na mtoto.

"Nlikuomba wewe," alisema.

Nikamtazama dada yangu. Shaikha ni mtu asiyeachia neno lililopinda lipite, hata la muuza samaki. Nikangoja. Lakini Shaikha alikuwa ameshapiga magoti, amefungua furushi, anapima magauni kwa macho, hili dogo, hili dogo, mpaka akafika lile la mwisho. Akalikung'uta. Kheiria alifikiri kidogo, akaiachia kamba ya mbuzi, akainua mikono yake miwili juu avalishwe.

Kichwa kikiwa bado ndani ya gauni, hakijapata pa kutokea, tulimsikia anauliza, "Mbona basi mmechelewa?"

 Mimi nilikuwa na majibu mengi, na kila moja lilikuwa la kweli, na nikayameza yote.

Shaikha alilivuta gauni, kichwa kikatokea, akazipangusa nywele zilizomganda mtoto kwenye paji la uso kwa jasho.

"Baridi, mwanangu," alisema. "Kulikuwa na baridi kali."